Sanaa na Mkate wa Kila Siku: Hesabu za Msanii wa Wesha

Pesa za mkaazi wa Wesha haziji zote mwisho wa mwezi. Bandari hii iliyo magharibi ya Chake Chake, kilomita chache kutoka mjini, inakwenda kwa kalenda kadhaa kwa mpigo. Ipo ya mwezi wa angani: wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa kiza na taa zao, na mwezi ukipevuka hupumzika, kwa sababu taa haiwavuti tena dagaa bahari ikishakuwa nyeupe. Ipo ya maji: anayelima mwani au kuchokoa pweza katika pwani za Pemba hungoja bamvua, na yakija maji mafu hutafuta shughuli nyingine. Ipo ya karafuu, ambayo huufungua mfuko wa nyumba kwa miezi michache kisha ikaufunga, na ambayo haitoi sawa kila mwaka. Na ipo ya mshahara, wanayoifuata walimu, wauguzi, watu wa bandari, wa umeme na wa maofisi ya Serikali.

Sanaa huingia katikati ya kalenda hizo, nayo ina yake. Anayetunga mashairi, anayepiga ngoma, anayechora au anayeandika riwaya anataka muda mrefu usiokatizwa, na malipo yake, yakiwapo, huja kwa kuvizia. Ndipo linapozuka swali ambalo kila kijana mwenye kipaji huulizwa na wazee wake: utakula nini? Jibu la haraka huwa mojawapo kati ya mawili, aache sanaa atafute ajira, au aache ajira ajitose. Yote mawili hayalingani na namna sanaa ya visiwani ilivyodumu. Sehemu kubwa ya kazi zinazokumbukwa ilifanywa na watu wenye kazi mbili, na kilichowatenganisha waliofika mbali na waliokwama mara nyingi kilikuwa aina ya ile kazi ya pili.

Kwanza, malipo yenyewe. Pemba ina utajiri wa sanaa za hadhara: msewe, kibati chenye majibizano ya kasi, na nyimbo na ngoma zinazoandamana na mchezo wa ng'ombe. Sanaa hizi huitwa kwenye harusi, sikukuu na sherehe za kitaifa. Anayeitwa hulishwa, hupewa nauli, hutunzwa na waliofurahi, na kundi hupata fungu la kugawana. Mara nyingi mapatano hufanywa kwa mdomo, baina ya watu wanaojuana tangu utotoni, na kumtajia jirani bei huonekana utovu wa adabu. Wakati nao hauko sawa. Harusi hurundikana kabla ya Ramadhani na baada ya Idi. Katika mwezi wa mfungo wenyewe ngoma hunyamaza. Msoma maulidi ana Mfunguo Sita wake, mwezi wa mazazi ya Mtume, na hata hapo anachokipokea ni sadaka ambayo hawezi kuidai. Kwa hiyo kundi linaweza kuwa na kazi kila Ijumaa na Jumapili kwa wiki sita, kisha likakaa miezi bila mwaliko.

Kazi za mikono zina hali tofauti kidogo. Wanawake wengi wa Pemba hushona kofia na kusuka mikeka na vipochi vya ukili. Kofia ya mkono yenye nakshi nzuri huchukua wiki kadhaa, lakini inakubali kuachwa na kushikwa tena: dakika ishirini wakati chungu kiko jikoni, saa moja baada ya alasiri, kikao cha jioni barazani. Hii ni faida ambayo riwaya haina. Upungufu wake ni kuwa mshonaji mara nyingi humuuzia mfanyabiashara anayeijua bei ya Mji Mkongwe na ya Maskati, ilhali yeye anaijua ya kijijini tu. Watalii, ambao Unguja hununua vitu vya aina hii kwa wingi, Pemba ni wachache. Wanaopita Wesha wengi wao wako njiani kwenda kisiwa cha Misali, kilichotengwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1998, na mashua haiwapi nafasi ya kufanya manunuzi.

Mwandishi ndiye anayelipwa kwa kuchelewa kuliko wote. Pemba ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 iliwalea washairi wawili wanaotajwa hadi leo, Kamange na Sarahani. Beti zao zilisafiri kwa midomo ya watu na kwa nakala za mkono. Kitabu kilichowaweka pamoja, Kale ya Washairi wa Pemba, kilitolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2011, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa zamani. Sifa waliipata wakiwa hai, lakini senti ya kitabu haikuwahi kuwafikia. Mambo yamebadilika tangu hapo, ila si kwa kiasi ambacho vijana hudhani. Mchapishaji akikubali mswada, mtunzi hupata mirabaha, yaani asilimia ndogo ya mauzo, na hesabu hufanywa baada ya vitabu kuuzwa. Kitabu kisichochaguliwa kusomwa skuli huuzwa polepole sana.

Ukitazama ng'ambo ya pili ya mkondo wa Pemba, kule Tanga, utakuta mfano maarufu kuliko yote. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926 na kukaa huko hadi 1944. Akahamia idara ya mifugo, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga kuanzia 1946, kisha ofisi ya upimaji ardhi kuanzia 1952 hadi 1960. Alifariki 1962. Hii ina maana kwamba mtu anayehesabiwa kuwa baba wa fasihi ya kisasa ya Kiswahili alikuwa mtumishi wa Serikali kwa muda wa miaka 34, na huru kamili kwa miaka miwili tu ya mwisho. Kusadikika ilitoka 1951, mwandishi wake akiwa bado karani. Kinachochekesha kidogo ni kuwa katika Utubora Mkulima alimsifu mtu aliyeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Mwenyewe hakufanya hivyo.

Unguja inatoa mfano unaofundisha zaidi, kwa sababu tarehe zake zinaonyesha gharama. Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa afya. Akiwa humo ndipo alipotambua kuwa moyo wake uko kwenye uandishi wa habari. Hakuitupa ajira akangoja bahati. Alihamia ajira nyingine iliyo karibu na alichokipenda, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948, na tangu 1958 mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya kwanza ya mpelelezi wake Bwana Msa, ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, ikachapwa 1960. Kisima cha Giningi ikafuata 1968, mwaka huo huo alipostaafu. Halafu yakafunguka mafuriko: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vitabu viwili katika miaka kumi ya uhariri wa Mkulima, vinne katika miaka minane ya kwanza ya ustaafu. Ajira ilimlisha na kumfundisha kuandika sentensi safi, lakini pia ilimla muda. Anayesema kuwa kazi ya mshahara haimgharimu msanii chochote hajazitazama tarehe hizi. Na anayesema inaua sanaa hajajiuliza Bwana Msa angezaliwa vipi bila ya miaka ile ya kalamu ya kila siku.

Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, alikwenda njia ya tatu. Alikuwa mvuvi na baharia, akatunga mashairi na nyimbo za taarabu, na diwani yake Kimbunga ilitolewa mwaka 1994 akiwa mtu mzima wa miaka sitini. Kazi yake ilimchosha mwili na kumwachia kichwa. Mtunzi anaweza kuzungusha ubeti mmoja usiku kucha akiwa ngalawani bila ya karatasi, na shairi la vina na mizani linamsaidia, kwa kuwa umbo lake lenyewe linakumbukika. Mwandishi wa riwaya ya kurasa mia mbili hawezi kufanya hivyo. Ndiyo maana hakuna kazi moja ya pembeni inayowafaa wasanii wote, na ushauri wa jumla wa kutafuta ajira nzuri haumsaidii mtu.

Kazi ya kumlisha msanii hupimwa kwa mambo machache yasiyohusiana sana na ukubwa wa mshahara. La kwanza ni kama saa zake zinajulikana mapema. Mlinzi wa ghala bandarini au karani wa zamu anajua Jumanne ijayo atakuwa huru saa ngapi; kuli wa kutwa hajui, kwa sababu anangoja chombo kifunge gati. La pili ni kile ambacho kazi inakichosha. Mwalimu ana likizo ndefu na mshahara wa uhakika, lakini anarudi nyumbani akiwa na madaftari ya kusahihisha na kichwa kilichojaa maneno ya wengine. Mwandishi wa habari ana tatizo hilo kwa ukali zaidi. Fundi seremala anayechonga milango mchana ataona tabu kuishika patasi ile ile usiku kwa ajili ya kinyago chake mwenyewe. La tatu, ambalo husahauliwa, ni kama kazi inamleta karibu na malighafi ya sanaa yake. Forodhani kwa Shaaban Robert, ukaguzi wa nyumba za watu kwa Mohammed Said Abdulla, bahari kwa Haji Gora: hizi zilikuwa pia shule za kuwajua watu.

Ualimu unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndio mlango ambao waandishi wengi wa Zanzibar wamepitia. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Asali Chungu, Utengano na Babu Alipofufuka, ameishi kwa kufundisha, hadi kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Abdulrazak Gurnah, aliyekwenda Uingereza akiwa kijana, alifanya kazi ya msaidizi hospitalini kabla ya kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, ambako alikaa mpaka alipostaafu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, na Tuzo ya Nobel akaipata 2021. Nje ya ualimu, mshairi Mohammed Khelef Ghassany, mtoto wa Pemba, alijipatia riziki kwa utangazaji katika idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle mjini Bonn, na mwaka 2015 mswada wake N'na Kwetu ulishinda Tuzo ya Mabati-Cornell upande wa ushairi. Hao walikwenda mbali, lakini mpango wao haukutofautiana na wa mwalimu wa skuli ya Wesha anayeandika baada ya sala ya alfajiri.

Tuzo zenyewe huwapumbaza watu. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa na Serikali ya Muungano mwaka 2022, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10. Zanzibar, mwaka huo huo, ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Gawanya: tuzo hiyo ni sawa na mshahara huo wa miezi isiyofika 29. Ni fedha nzuri, zinaweza kuezeka nyumba au kununua miaka miwili ya utulivu kwa mtu asiye na matumizi makubwa. Lakini hupatikana mara moja, na anayeipata ni mmoja miongoni mwa mamia. Kuipanga bajeti ya nyumba juu ya tuzo ni kama kulipa deni la leo kwa karafuu ambazo mti wake haujachanua.

Karafuu, kwa kweli, ndizo zinazomfundisha Mpemba hesabu ambayo msanii anaihitaji. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ndilo linalonunua. Wakati wa mavuno kila mtu ana pato: mwenye shamba, mchumaji anayelipwa kwa pishi, anayechambua vikonyo, hata mtoto anayeangalia jamvi mvua isije. Baada ya hapo ni kimya, na mwaka wa neema hufuatiwa na miaka mikavu. Nyumba yenye busara huchukua fedha za msimu na kuzigawa. Msanii ambaye kwa mfano amepata shilingi 1,800,000 kutokana na harusi za kabla ya Ramadhani ana, kwa hesabu ya kweli, shilingi 150,000 kwa mwezi kwa mwaka mzima. Akiziona kuwa ni milioni moja na nusu na ushei, zitakwisha kabla ya Idi. Vikundi vya hisa na michezo ya kinamama vinafaa sana hapa, kwa sababu fedha iliyo kwenye kisanduku chenye funguo tatu haiombwi na shemeji.

Mwaka wa mavuno pia una nafasi ambayo wengi huipoteza. Miezi inayofuata mavuno mazuri ndiyo miezi ya bei nafuu zaidi ya kuandika, kuchora au kurekodi, kwa kuwa chakula kipo na mahitaji makubwa yamekwisha lipiwa. Kuahirisha sanaa hadi maisha yatulie ni kuisubiri siku isiyokuja. Kuipangia miezi miwili baada ya karafuu ni jambo linalowezekana. Mvuvi wa dagaa ana nafasi ndogo zaidi lakini inayojirudia, zile siku za mbalamwezi. Mkulima wa mwani ana maji mafu. Mwenye mshahara, ambaye wengine humwonea wivu, ndiye asiyepewa nafasi na maumbile; yake ni lazima aikate mwenyewe, asubuhi kabla ya kazi, maana jioni ina wageni, misiba na mikutano. Tangu waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga uanze kazi mwaka 2010, Pemba haitegemei tena majenereta ya mafuta kama ilivyokuwa, na mwanga wa kufanyia kazi usiku ni wa uhakika zaidi. Simu ya mkononi nayo ni ya uhakika, na hiyo hula saa nyingi kuliko shemeji.

Kinachobaki ni bei, na hapa ndipo adabu ya kijijini inapogongana na riziki. Msanii anayemwimbia jirani bure hawezi kumtoza jirani wa pili, na kundi likikubali kulipwa pilau mwaka huu litalipwa pilau mwakani. Njia inayofaa, na isiyovunja udugu, ni kuitaja bei kamili kwanza, ikiwa na nauli, vyombo, siku za mazoezi na wasaidizi, kisha kumpunguzia ndugu kwa kiasi kinachotajwa. Hivyo ndugu anajua amepewa nini, na wanaosikia wanajua kazi ina thamani gani. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi, malipo ya awali na sahihi mbili inatosha kwa harusi. Kwa nyimbo na maandishi, Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, tofauti na ile ya Tanzania Bara, na chombo chake, COSOZA, husajili kazi na kushughulikia mirabaha. Kusajili hakumfanyi mtu tajiri, lakini asiyesajili hana pa kuanzia wimbo wake unapochukuliwa.

Wapo walioishi kwa sanaa moja kwa moja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini, na mwaka 1928 alirekodi sahani za santuri huko Bombay. Lakini mji aliouhamia ulikuwa na hadhira ya kila usiku, matajiri wa kualika na kampuni za santuri zilizokuwa zikitafuta sauti za Kiswahili. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alipanda majukwaa ya Ulaya na bado alijulikana nyumbani kwa unyago, hina na dawa za miti shamba. Msanii wa Wesha anayetaka kuacha kazi anapaswa kwanza kuitazama hadhira yake. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Mji Mkongwe tangu 2004, na Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi yote yako Unguja, na kila safari ni nauli ya boti na siku za kazi zilizopotea. Kipimo cha haki ni rekodi ya misimu miwili ya harusi, mmoja mzuri na mmoja mbaya: ikiwa wastani wake unalingana na mshahara, baada ya kutoa gharama, kuacha si wazimu. Kama haulingani, kupunguza siku za kazi au kubadilisha kazi, alivyofanya Mohammed Said Abdulla, kunaleta faida zaidi.

Uzee ndio sehemu ambayo wasanii huipanga mwisho, au hawaipangi kabisa. Mtumishi wa Serikali ana kiinua mgongo na pensheni. Mpiga ngoma hana. Tangu Aprili 2016 Zanzibar hulipa pensheni jamii kwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi mwanzoni, na baadaye shilingi 50,000. Kiasi hicho hakitoshi kumlisha mtu peke yake. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, una mpango wa hiari kwa waliojiajiri, na wasanii wanaweza kuchangia humo kama wavuvi na mafundi. Kwa kundi la ngoma jambo hili ni rahisi kuliko kwa mtu mmoja mmoja: mshika fedha anaweza kukata mchango wa kila mwanachama katika malipo ya harusi kabla hayajagawanywa, wakati ambao hakuna aliyekwisha kuyahesabu kuwa ni yake.